Maji ya Kunywa: Yanakotoka, Yaliyomo Ndani Yake na Kazi Yake Mwilini

Maji ya kunywa yana sifa mbili zinazochanganywa kila siku: uzuri na usalama. Uzuri huonekana na kuonjwa. Maji yakiwa meupe, ya baridi, yasiyo na harufu wala chumvi, kila mtu huyaita mazuri. Usalama hauonekani. Glasi moja ya maji meupe inaweza kubeba bakteria wa kipindupindu kwa mamilioni bila kuingia ukungu, na floraidi inayoharibu meno na mifupa ya mtoto haina rangi wala harufu. Kinyume chake, maji ya kisima yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha utando mweupe ndani ya sufuria mara nyingi hayana dhara lolote kwa anayeyanywa. Kwa hiyo ulimi na macho ni mashahidi wasiotosha. Anayetaka kujua ubora wa maji hana budi kujua yalikotoka, yalikopita na yalivyotunzwa mpaka yakafika mdomoni.

Yanakotoka

Maji ya mvua hayana karibu madini yoyote. Huharibikia kwenye paa, kwa sababu vumbi, majani makavu, kutu ya mabati na vinyesi vya ndege na popo vyote huteremka na mvua ya mwanzo. Katika visiwa vya Lamu, hasa Pate na vijiji vya jirani ambako visima vingi hutoa maji ya chumvi, watu wamekuwa wakikinga mvua kwenye majabia, yaani mabirika makubwa yaliyosakafiwa, na hayo ndiyo yaliyowavusha kiangazi kwa vizazi vingi. Kanuni ya kukinga mvua haibadiliki, liwe jabia au tangi la plastiki: mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe paa na kumwagika, tangi lifunikwe na liwekewe wavu wa kuzuia mbu, na maji yachotwe kwa bomba la chini badala ya kutumbukiza ndoo.

Mito na maziwa hulisha miji mikubwa. Dar es Salaam hutegemea zaidi Mto Ruvu. Mwanza hunywa Ziwa Viktoria, na tangu mwaka 2009 maji ya ziwa hilohilo huvutwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga. Nairobi hutegemea sana bwawa la Ndakaini. Maji ya juu ya ardhi ni mengi na ni rahisi kuyavuta, lakini yako wazi kwa kila kitu: tope la masika, mbolea na dawa za mashambani, mifugo inayonyweshwa, nguo zinazofuliwa na mitaro ya miji. Hayafai kunywewa bila kusafishwa, hata mahali yanapoonekana maangavu.

Maji ya chini ya ardhi ni habari nyingine. Mvua inapozama, udongo na mchanga huyachuja polepole, na vijidudu vingi hunasa au kufa njiani. Mfano mzuri ni chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Mvua hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, huzama ndani ya mawe ya volkano yenye vitundu vingi, kisha hutokea Mzima ikiwa maji maangavu kiasi kwamba viboko huonekana wakitembea chini yake. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji hayo hupelekwa Mombasa kwa bomba.

Pwani ardhi ina tabia tofauti, na tabia hiyo inastahili kufahamika na kila anayechimba kisima. Sehemu kubwa ya Unguja, Mombasa na ukingo wa bahari kwa jumla imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mawe haya yana nyufa na mapango, hivyo maji hupita mbio bila kuchujwa. Choo cha shimo kilichochimbwa karibu na kisima ni hatari popote, lakini juu ya matumbawe uchafu unaweza kusafiri mbali zaidi na kwa haraka zaidi kuliko kwenye mchanga laini, na umbali wa mita 30 unaoshauriwa mara nyingi unaweza usitoshe. Isitoshe, pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hugeuka mara watu wanapovuta kupita kiasi: maji matamu yakishuka mita moja, chumvi inaweza hatimaye kupanda hadi mita 40. Ndiyo sababu visima vilivyokuwa vitamu zamani vikawa vya chumvi baada ya mitaa kujaa nyumba na pampu.

Vijidudu

Hatari ya kwanza katika maji ni kinyesi cha binadamu. Kauli hii haipendezi, lakini hapo ndipo elimu ya maji salama inapoanzia. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, amiba, giardia na homa ya ini ya aina ya A vyote hutoka kwenye tumbo la mtu mmoja na kuingia kwenye tumbo la mwingine, na njia yao kubwa ni maji, pamoja na mikono na chakula. Kati ya hivyo, kipindupindu ndicho kinachoua haraka zaidi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa, na bila tiba anaweza kufa siku hiyohiyo.

Kipindupindu kilichoingia Zanzibar mwaka 1869 kiliua maelfu ya watu visiwani na bara. Wakati huo asili ya ugonjwa bado ilikuwa ikibishaniwa duniani. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini Zanzibar, alichapisha kitabu kizima juu ya milipuko ya Afrika Mashariki mwaka 1876, na bakteria mwenyewe alielezwa wazi na Robert Koch miaka michache baadaye, mwaka 1884. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwavutia watu wa mji maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu. Kwa mji uliokuwa ukitegemea visima vya uani, mifereji ile ilikuwa kazi ya afya kubwa kuliko hospitali yoyote ya zama hizo.

Maafa ya karibu zaidi yanafundisha jambo hilohilo kwa ukali. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache. Ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika vyoo wala visima, na watu wakachota Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa takriban watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Tanzania nayo ilipata mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea karibu nchi nzima, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 20,000.

Maabara hazitafuti kila kijidudu kwa jina lake, kwani kazi hiyo isingekwisha. Hutafuta E. coli, bakteria anayeishi ndani ya utumbo wa watu na wanyama wenye damu moto. Akiwamo majini, kinyesi kimeingia, na vilivyobaki vinaweza kuwamo pia. Kipimo chenyewe ni chepesi kueleweka. Mililita 100 za maji hupitishwa kwenye karatasi maalumu yenye vitundu vidogo mno ambavyo bakteria hawezi kupenya. Karatasi hiyo hulazwa juu ya chakula cha bakteria ndani ya kisahani na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 44 hadi kesho yake. Kila bakteria aliyenaswa huzaana mpaka akawa doa linaloonekana kwa macho, na fundi huhesabu madoa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, pamoja na kiwango cha Afrika Mashariki kiitwacho EAS 12, hesabu inayokubalika ni sifuri.

Madini, na hasa floraidi

Madini mengi yaliyomo majini hayana madhara kwa viwango vya kawaida, na mengine yana faida. Kalsiamu na magnesiamu ndizo zinazoyafanya maji kuwa magumu, yaani yenye kukataa povu, na zote mbili mwili unazihitaji. Chumvi nyingi huharibu ladha kabla haijadhuru: maji yenye madini yaliyoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita hupendeza kwa watu wengi, na yakizidi 1,000 wengi huyakataa. Naitreti, inayotokana na mbolea na vyoo, ina ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya unga, kwa kuwa huizuia damu yao kubeba oksijeni. Aseniki ina ukomo mdogo zaidi, miligramu 0.01. Bangladesh iliijua gharama yake baada ya mamilioni ya visima vya bomba, vilivyochimbwa ili kuwaepusha watu na maji machafu ya mabwawa, kuonekana kuwa vinatoa sumu hiyo kutoka ardhini.

Afrika Mashariki ina donda lake, nalo ni floraidi. Ukomo uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kiasi kidogo, karibu na miligramu moja, huimarisha meno yasitoboke. Kikizidi wakati meno ya kudumu yanapoundwa ndani ya ufizi, takriban tangu kuzaliwa hadi miaka 8, jino hutoka likiwa na madoa meupe, kisha kahawia, na kwa walioathirika sana hutoboka na kumomonyoka. Anayeendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi hupata maumivu ya viungo na ukakamavu wa mgongo, na watoto wengine miguu hupinda. Meno yakishatoka hayo madoa hayaondoki kwa kupiga mswaki, na mifupa iliyopinda hainyooshwi kwa dawa.

Chanzo chake ni mawe ya volkano ya Bonde la Ufa. Maeneo yanayouzunguka Mlima Meru na sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga nchini Tanzania, pamoja na Nakuru, Naivasha na Baringo nchini Kenya, yanajulikana kwa tatizo hili. Kinachowapotosha wengi ni kwamba maji yenye floraidi nyingi mara nyingi ni laini na hutoa povu kwa urahisi. Sababu ni ya kikemia. Penye kalsiamu nyingi, floraidi huungana nayo, hugeuka mchanga mgumu na kubaki ardhini. Penye kalsiamu kidogo na magadi mengi, hubaki imeyeyuka majini. Hivyo maji yanayosifiwa na wafuaji huenda ndiyo mabaya kwa watoto. Magadi yenyewe, ambayo wapishi hutia kwenye maharage na makande ili yaive upesi, yanaweza kuongeza floraidi mwilini juu ya ile ya maji.

Serikali ya Tanzania, ikikabili mikoa ambayo haikuwa na chanzo kingine cha karibu, iliruhusu kwa miaka mingi kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita. Baadaye kikashushwa hadi 4, na hatimaye nchi ikakubali 1.5 ya kimataifa. Uamuzi wa mwanzo unaeleweka, kwani kufunga visima pasipo kuleta maji mengine kungewarudisha watu kwenye madimbwi. Lakini waliolipa bei ni watoto waliokulia miaka ile, na tabasamu zao zinaonekana hadi leo Arumeru, chini ya Mlima Meru.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaizidisha, kwa kuwa mvuke huondoka na madini hubaki katika maji yaliyopungua. Kinachofaa ni mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, na Nakuru pia. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo kwa joto la nyuzi mia nne na kitu, mpaka nyama na mafuta yote yaishe na mfupa uwe wa kijivu au mweusi. Husagwa kuwa punje, huchekechwa, huoshwa na kupakiwa ndani ya ndoo au pipa lenye bomba. Maji yanayopita humo huacha floraidi yake ndani ya punje, kwa sababu madini ya mfupa ndiyo madini ya jino, na floraidi huyaendea popote yalipo. Punje hizo hujaa baada ya muda, na hapo ladha ya maji haibadiliki hata kidogo. Anayetumia chujio la namna hii bila kupimiwa maji mara kwa mara anaweza kudhani yuko salama ilhali chujio lilikwisha kazi yake zamani. Wasiotaka kutumia mifupa kwa sababu za dini wana njia nyingine: kuchanganya maji na shabu na chokaa, au kukinga mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia tu. Mtoto mdogo hahitaji ndoo nyingi. Tangi moja la mvua linaweza kuyaokoa meno yake.

Kati ya mto na bomba

Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa miaka ya 1970, una uwezo wa kutoa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Safari ya maji ndani ya mitambo kama hiyo ni ileile karibu dunia nzima. Mto huingia ukiwa na tope. Hutiwa shabu au dawa ya jamii hiyo, ambayo hufanya chembe ndogondogo zishikane na kuwa mabonge. Maji hupelekwa kwenye mabwawa tulivu, mabonge yanazama, na yaliyo juu hupitishwa kwenye mchanga. Baada ya hapo ndipo hutiwa klorini. Mpangilio huu una sababu yake: klorini ikitiwa kwenye maji ya tope huliwa na tope, na vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe hubaki hai.

Klorini huhitaji kama nusu saa kufanya kazi, na kiasi kidogo lazima kibaki majini yanapoanza safari ya mabomba, angalau miligramu 0.2 kwa lita pale bombani kwa mtumiaji. Harufu hafifu ya dawa ambayo watu huilalamikia ni dalili njema, kwani inaonyesha kwamba ulinzi bado upo. Bomba lisilotoa harufu hiyo kabisa mwishoni mwa mtaa ndilo la kutiliwa shaka.

Shaka kubwa zaidi ni ya mgawo. Bomba likiwa limejaa na lina msukumo, maji huvuja kutoka ndani kwenda nje. Maji yakikatwa, msukumo hugeuka, na kila ufa huweza kunyonya maji ya mtaro au ya choo yaliyouzunguka. Maji ya kwanza baada ya mgawo yaachwe yatiririke kwenye ndoo ya kufulia au kudekia, na yale ya kunywa yakingwe baadaye. Mji unaopata maji saa chache kwa siku unaweza kuwa na mtambo bora kabisa na bado ukawapa watu wake ugonjwa.

Nyumbani

Uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa maji mengi huchafukia nyumbani, baada ya kukingwa yakiwa safi. Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri, lakini una mdomo mpana. Kata ikining'inizwa ukutani na kushikwa kwa mpini, maji hubaki salama. Kikombe kikizamishwa pamoja na vidole, kila aliyekunywa amewaachia wengine kilichokuwa mkononi mwake. Dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye mfuniko na bomba huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Kuchemsha bado ndiyo njia inayoaminika kuliko zote dhidi ya vijidudu. Maji yakifika kutokota kweli, yakipanda na kutoa mapovu makubwa, dakika moja yatosha. Kwenye miinuko ya juu, ambako maji hutokota kwa joto dogo zaidi, ziongezwe hadi tatu. Kuyaacha motoni kwa nusu saa ni kupoteza mkaa. Baada ya hapo yapoe yakiwa yamefunikwa ndani ya chombo kilekile. Kuyamimina kwenye ndoo ambayo haikuoshwa kunarudisha kazi nyuma.

Klorini ya chupa au ya vidonge inayouzwa madukani hutumiwa kwa kipimo kilichoandikwa, na maji husubiriwa nusu saa. Maji ya tope yaachwe yatuame kwanza au yachujwe kwa kitambaa safi. Kitambaa peke yake si dawa, lakini si kitu cha kudharauliwa: vijijini Bangladesh, akina mama waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu katika familia zao kwa karibu nusu, kwa sababu bakteria huyo hupenda kujishikiza kwa viumbe vidogo vya majini vinavyonaswa na nyuzi. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo hutuamisha tope vizuri, ila maji hayo bado yanahitaji kuuliwa vijidudu. Mahali pasipo na kuni wala dawa, chupa angavu za plastiki zilizojazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu, huuawa vijidudu vyake kwa miale na joto la jua.

Maji ya chupa yana aina zake. Yapo ya chemchemi au ya kisima kirefu yanayobaki na madini yake ya asili, na yapo ambayo yamesukumwa kupitia utando mwembamba unaozuia karibu kila kitu, kisha pengine yakarudishiwa madini kidogo. Kwa afya ya kawaida tofauti kati yake si kubwa. Mkazi wa eneo lenye floraidi ana sababu ya kusoma lebo na kutafuta kiasi chake. Alama ya shirika la viwango, kizibo kisichofunguliwa na tarehe ya mwisho ndivyo vya kuangaliwa na kila mnunuzi. Maji yanayofungwa kienyeji kwenye vifuko na kuuzwa kando ya barabara hayana hata kimoja kati ya hivyo.

Kazi yake mwilini

Karibu asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji, na kwa mtoto mchanga hufika kama asilimia 75. Damu husafirisha chakula na oksijeni kwa sababu ni majimaji. Jasho huupoza mwili kwa kukauka juu ya ngozi, jambo ambalo huwa gumu pwani wakati wa kaskazi, hewa inapokuwa nzito kwa unyevu na jasho likadondoka bila kukauka. Hapo mtu hupoteza maji mengi na hapati ubaridi. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, na karibu yote huyarudisha, zikitoa lita moja au mbili za mkojo zikiwa na taka.

Mwili ukipungukiwa maji kwa asilimia 2 tu ya uzito wake, nguvu na umakini huanza kushuka, na wengine kichwa huuma. Unywaji wa kutosha hupunguza mawe ya figo, na aliyewahi kuyapata hushauriwa anywe kiasi cha kutoa lita mbili na nusu za mkojo kwa siku. Humsaidia pia mwanamke anayesumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya njia ya mkojo, na hulainisha choo kwa aliyekuwa akinywa kidogo mno. Faida kubwa kuliko zote pengine ni ile isiyotajwa sana: glasi ya maji inaposhika nafasi ya soda, mwili huepushwa na vijiko kadhaa vya sukari.

Hakuna ushahidi thabiti wa kanuni ya glasi nane kwa kila mtu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya hukadiria lita 2 kwa siku kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, ikijumlisha vinywaji vyote na maji yaliyomo kwenye chakula. Chai, uji, mchuzi na matunda vimo katika hesabu hiyo. Mama anayenyonyesha huongeza kama lita 0.7. Mkulima, mvuvi na mbeba mizigo wanahitaji zaidi sana kuliko karani. Kipimo kilicho rahisi ni rangi ya mkojo: ukiwa wa manjano hafifu, maji yanatosha, ukiwa mzito na wa kukolea, hayatoshi. Wazee waangaliwe zaidi, kwa sababu kiu hupungua na umri ilhali hitaji halipungui. Wafungaji wa Ramadhani hufaidika zaidi wakinywa kidogokidogo tangu futari hadi daku, kwa kuwa lita nzima inayonywewa kwa mkupuo wakati wa daku nyingi yake hutoka kama mkojo asubuhi ileile.

Madai mengine hayana msingi. Maji yanayouzwa ghali kwa jina la alkali hayatibu saratani wala kisukari. Yanapofika tumboni hukutana na asidi kali inayofuta tofauti yake, na mwili hudhibiti wenyewe hali ya damu. Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari: chumvi ya damu hupungua, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Wakimbiaji wa mbio za Boston za mwaka 2002 walipopimwa damu mwishoni, asilimia 13 ya waliochunguzwa walikuwa na upungufu huo wa chumvi. Na mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe maji kabisa, hata wakati wa joto. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji.

Maji hugeuka dawa yenyewe pale mtu anapoharisha. Maji matupu hayafyonzwi vizuri na utumbo ulioshambuliwa, lakini sukari na chumvi zikiwa pamoja hufungua mlango kwenye kuta zake, na maji huzifuata. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko huo wa kunywa, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Pakiti za dawa hiyo sasa hupatikana karibu kila zahanati. Zikikosekana, lita moja ya maji salama huchanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na mgonjwa hunyweshwa kidogokidogo kila baada ya choo. Akitapika, husubiriwa dakika 10 kisha huendelea. Mtoto huongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, na huendelea kunyonya. Macho yakizama, ngozi ya tumbo ikifinywa ikakawia kurudi, au mtoto akashindwa kunywa, hapo anahitaji dripu na anapaswa kufikishwa hospitali bila kungoja, huku akipewa ile dawa njiani ikiwa bado anaweza kumeza.